Mama Seva Hapitishi Kazi Yake Mwenyewe

Mama Seva hakuwahi kununua kitu kwangu bila kukifungua. Wateja wengine wakifika kwenye kibanda changu pale Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, huwasha kompyuta, wakaona kioo kinang'aa, wakaridhika. Yeye alikuwa anaigeuza chini juu kama anayekagua kuku wa sikukuu, anatoa bisibisi yake iliyoviringishwa kwenye kipande cha kanga, na kuanza kulegeza skrubu kabla hata ya kuuliza bei. Nikimwambia, "Mama, hiyo nimeshaikagua mimi mwenyewe," alikuwa anajibu bila kuinua macho:

"Ndiyo maana naifungua, baba."

Mimi ninauza kompyuta za mtumba, zile ambazo maofisi yanazitoa zikishachoka. Katika biashara hii kuna wateja wasiojua, ambao wananilisha, na wateja wanaojifanya wanajua, ambao wananilisha vizuri zaidi. Mama Seva hakuingia kapu lolote. Nikitaja bei, hasemi kwamba ni ghali. Ananyamaza tu, anaendelea kupangusa vumbi la feni kwa ncha ya mtandio, na ule ukimya unazidi kuwa mzito mpaka mimi mwenyewe ninaanza kuteremka. Nimeshabishana bei na madereva wa malori, na wavuvi, na hakimu mmoja mstaafu. Hakuna mwingine aliyewahi kunishusha kwa kutosema kitu.

Jina hilo alipewa Lindi mjini, kwenye ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa korosho, alikosimamia mitambo mpaka akastaafu. Seva, kwa asiyeijua, ni kompyuta ambayo zote za ofisini zinaitegemea; ikilala hiyo, ofisi nzima imelala. Ya kwake ilikaa chumba cha nyuma, na chumba hicho ndicho pekee chenye kiyoyozi kilichokuwa kinafanya kazi katika jengo lile. Basi jua likikolea, watu wazima wenye heshima zao walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana swali la kompyuta. Aliwapokea wote mlangoni, mlango ukiwa wazi upana wa uso wake tu.

"Shikamoo mama. Naomba niingie nikueleze tatizo langu."

"Marahaba. Tatizo lako liko mezani kwako, baba. Humu ndani yamo ya kwangu."

Alikuwa na tabia ya kutangaza. Kabla ya kugusa mtambo wowote, anasema kwa sauti anachotaka kukifanya, halafu anangoja kidogo, mikono imekunjwa. "Sasa ninazima hii. Nikishazima, mtandao wa ghorofa ya juu utakatika. Nikishamaliza, utarudi." Wageni walidhani anaswali. Nilipomuuliza anamwambia nani, alisema anajiambia mwenyewe, kwa sababu mkono wa mtu una haraka kuliko akili yake, na ulimi ndio unaoweza kuuchelewesha mkono. Na msimu wa korosho ulipofika, magari yamejaa nje, wakulima wanataka kujua mzigo wao umesomeka vipi, makarani wanagonga meza, yeye ndiyo kwanza sauti inashuka. "Mtambo haukasiriki," alikuwa akiwaambia. "Ukiona chumbani kuna aliyekasirika, ujue ni wewe. Toka nje unywe maji."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa na mzaha nalo kabisa: nakala za akiba. Kwake yeye, nakala ambayo hujawahi kuirudisha mahali pake si nakala, ni matumaini. Kwa hiyo alikuwa anafuta vitu makusudi ili avirudishe. Alianza na vya ofisi, wakubwa wakapiga kelele, akaona isiwe tabu, akahamia kwenye vyake. Siku moja alifuta picha zote za harusi ya binti yake: hina, mabibi wa pande zote mbili, keki, na ile picha ya bwana harusi akilia ambayo ukoo mzima ulikuwa unaitunza kwa furaha. Akazifuta binti mwenyewe akiwa amekaa pembeni, kisha akaenda jikoni kuchemsha chai wakati mtambo unazirudisha. Zilirudi zote. Binti ndiye aliyechelewa kurudi; alimnunia mama yake mpaka Idi.

"Lakini si zimerudi?" alikuwa akiniuliza, kwa mshangao wa kweli.

"Mama, ungemwambia kwanza."

"Nilimwambia. Nilitangaza. Alidhani natania."

Asije mtu akadhani alikuwa mnyoofu kila upande. Mwanamke huyu aliyelinda kazi za watu kwa nakala juu ya nakala, simu yake mwenyewe ilikuwa na kioo kilichopasuka na betri iliyofungwa kwa mpira wa nywele. Kwa miaka alifanya pia kazi ya uhariri, kusahihisha miongozo ya kompyuta iliyoandikwa kwa Kiswahili, na katika kazi hiyo alikata maneno ya wenzake bila huruma. Lakini akianza kukusimulia safari yake kutoka Lindi, unaweza kumaliza kikombe cha kahawa na kashata zake, bado hajapanda basi. Ujumbe wake wa simu ulikuja hauna nukta hata moja, kama mtu anayeongea huku anakimbia. Mwandiko wake ndiyo usiseme. Aliwahi kuniandikia orodha ya vifaa, nikamletea vitu ambavyo hata yeye hakuvifahamu, na tukakubaliana kwamba kosa tuligawane.

Tulichogombana zaidi ni neno bure.

Mimi mtu akiniambia kitu ni cha bure, mkono wangu unaenda mfukoni wenyewe kuangalia kama kuna kilichopungua. Yeye akaja kunieleza kwamba kuna programu za kompyuta zinazoitwa huria, zinatengenezwa na watu wa kujitolea walioko nchi mbalimbali, kila mmoja anatoa sehemu yake, na yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua ndani na kuzibadilisha. Naye ni mmoja wao.

"Anawalipa nani?" nikauliza.

"Wengi wetu, hakuna."

"Mama, hakuna kitu kama hicho. Huyo anayewalipa amejificha tu."

"Sikiliza. Wewe ungekubali kununua korosho kwenye gunia lililoshonwa, ukaambiwa hairuhusiwi kuchungulia?"

"Nani? Mimi?"

"Basi hizo programu nyingine ndivyo zilivyo. Sisi tunaacha gunia wazi."

Nilimwambia kwamba hata gunia lililo wazi nalipekua mpaka chini. Alicheka mpaka akavua miwani. Sasa naona kwamba siku ile ndiyo aliyoniwekea alama.

Maana baada ya hapo akaanza kunifanyia majaribio. Ikawa akipita Nangurukuru anashuka, anaweka kompyuta yake juu ya meza yangu, anafungua mwongozo aliokuwa anauhariri, ananiambia nisome na nifanye kama ulivyoandikwa. Yeye anageuza kiti, anaangalia barabara, ili nisisome jibu usoni kwake. Nikikwama, haniambii kitu. Nikikosea, anageuka kwa haraka kama mtu aliyenusa kitu kinaungua.

"Umebonyeza wapi?"

"Hapa. Si ndivyo walivyosema?"

"Vizuri sana. Sentensi imekosea." Na palepale anaifuta.

Kwake msomaji hakosei. Nilijaribu kumwambia kwamba siku nyingine ni mimi tu, nilikuwa natazama abiria wanaonunua mihogo kwa jirani, akakataa. Mwongozo mzuri, alisema, unatakiwa ufanye kazi hata kwa mtu anayetazama mihogo. Malipo yangu yalikuwa pweza wa kukaanga kutoka kwa mama mmoja wa jirani, na kwenye pweza huyo Mama Seva, yule anayetoa kazi yake bure kwa dunia nzima, alikuwa anabishania ukubwa wa kipande mpaka ninaona aibu mimi.

Programu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya stoo ya dawa. Ni ya hao hao watu wa kujitolea, imetengenezwa kwa ajili ya zahanati ndogo: dawa gani imeingia, ipi imetoka, ipi inakaribia kuharibika. Ya Kiswahili aliitafsiri na kuisimamia yeye. Aliifunga kwenye zahanati moja upande wa Mchinga, kwenye kompyuta niliyomuuzia mimi baada ya ukimya mrefu sana, na nesi wa pale akaizoea. Nesi huyo ni mwanamke mchangamfu, sauti yake kwenye simu unaisikia bila kuiweka sikioni. Alikuwa amejaribu ya Kiingereza kabla. "Ile nilikuwa naisoma kama naangalia mchezo wa mpira bila kujua timu," alituambia. "Naona watu wanakimbia tu."

Sasa hawa watu wa programu huria wana desturi yao, na Mama Seva aliishika kuliko walioianzisha. Hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe. Uwe umeandika neno moja au kitabu kizima, lazima mtu wa pili asome, ajaribu, akubali au akatae, ndipo iingie. Mtu wa pili wa Kiswahili alikuwa mwalimu mmoja wa mji wa mbali ambaye Mama Seva hakuwahi kumwona kwa macho. Walifanya kazi vizuri, kwa maandishi tu. Kisha mwalimu akapata kazi yenye mshahara na majukumu, akaaga kwa heshima, akaondoka. Kazi ya Mama Seva ikaanza kurundikana, imekamilika lakini haijapita. Halafu likaja tangazo kutoka kwa wasimamizi wa programu: toleo jipya linakaribia kutoka, na lugha yoyote ambayo mwongozo wake haujapitiwa na mtu wa pili itaondolewa, irudishwe siku watu wake watakapopatikana.

Alinisomea tangazo hilo kibandani, polepole. Nilielewa maana yake haraka. Siku toleo jipya litakapofika Mchinga, nesi atafungua kompyuta asubuhi na kukuta wachezaji wanakimbia tu.

Nikampa ushauri wa bure, nikiwa na hakika nao. "Mama, hii ndogo. Fungua jina jingine. Tumia hata langu. Wewe andika, halafu ingia kwa jina langu ubonyeze kukubali. Nani atajua?"

"Nesi."

"Nesi atajuaje?"

"Siku kosa langu litakapomfikia, na hakuna aliyelizuia."

Nikasema, "Haya." Basi la Dar likaingia, likateremsha mizigo, likaondoka. Ndipo akanigeukia.

"Sasa nataka hilo jina lako. Lakini na wewe mwenyewe ndani yake."

Nilicheka. Nilimwambia Kiingereza changu ni cha kusomea maboksi. Nilimwambia mimi si msomi wa kompyuta, ni muuzaji, na kwamba hao watu wake wa nchi za mbali wakijua nani anawakagulia Kiswahili watafunga duka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kiingereza ninacho mimi," akasema. "Wanaonipenda pia ninao, wamejaa kwetu Rasbura, nikiwapa wasome wote wananiambia safi sana mama, Mungu akubariki. Ninachokosa ni mtu asiyeniamini. Miaka yote hii nanunua kwako, na bado ukinirudishia chenji unaihesabu mara mbili, na nikikulipa unahesabu mara mbili. Sijawahi kukasirika. Nilikuwa nakuangalia."

Kuna sifa ambazo mtu hajui aziweke wapi. Nikamwambia nitakuja Lindi.

Nilikwenda siku moja kabla ya siku ya mwisho waliyoiweka wasimamizi, asubuhi, maana hata mimi nina kazi zangu. Nyumba yake iko Rasbura, ndogo, safi, barazani kuna meza ya kompyuta na kiti kimoja kizuri ambacho alinipa mimi. Alikuwa amenifungulia ukurasa wangu, nafasi ya jina akaiacha niijaze mwenyewe. Kila kifungu cha mwongozo kilikuja na vitufe viwili, kubali na kataa. Akaniletea chai ya tangawizi, akajiendea zake uani akisema hataki kuniona usoni, ana mchele wa kuchagua.

Nilifanya kazi. Nilisoma kifungu, nikakifanya kwenye programu ya majaribio aliyoiweka, nikakisoma tena, nikakubali. Vilikuwa vizuri. Kusema kweli vilikuwa vizuri mno, mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi, kama mtu anayeuziwa embe zote nzuri. Jua lilikuwa limeshapanda nilipofika sehemu ya kupokea dawa mpya. Iliandikwa: hesabu maboksi yaliyofika, bonyeza thibitisha mzigo, kisha fungua maboksi upange dawa kwenye rafu.

Nikarudi juu. Nikasoma tena. Nikaita.

"Mama! Hii nakataa."

Kule uani sinia la mchele lilitulia. Akaja anajifuta mikono.

"Nionyeshe."

"Hapa. Unamwambia mtu athibitishe mzigo kabla hajafungua boksi."

"Ndivyo ilivyo kwenye asili ya Kiingereza. Nimefuata neno kwa neno."

"Asili ina makosa."

"Baba, kesho ni mwisho. Ukikataa hiki, mwongozo haujatimia, tunaondolewa."

"Najua."

Alinitazama. Nami nikamweleza kama ninavyowaeleza wanaoanza biashara pale njia panda. Mzigo wangu unakuja na basi. Basi linasimama, utingo anakutupia boksi, anataka saini yako, gari linaunguruma. Asiyejua anatia saini, anakwenda nyumbani, anafungua, anakuta kioo kimevunjika au boksi lina matambara. Akirudi, basi liko Mtwara. Anayejua anafungua hapo hapo, mbele ya utingo, abiria wote wakimtukana kwa kuwachelewesha. Ukishathibitisha, mzigo ni wako na hasara yake. Hao walioandika huenda kwao mizigo inaletwa na malaika. Huku inaletwa na utingo.

"Nesi hajawahi kulalamika," alisema, lakini tayari alikuwa anatafuta simu.

Nesi alipokea, tukamsikia mpaka barazani kwa jirani. Mama Seva akamuuliza, bila kumdokeza jibu, huwa anapokeaje dawa.

Sauti ya nesi ikashuka. "Mama, usinikasirikie."

"Sikasiriki."

"Mwongozo unasema nithibitishe kwanza, najua. Lakini mimi nafungua kwanza. Niliwahi kuletewa chupa zilizopasuka, dereva ameshaondoka. Tangu hapo nafungua maboksi, nakagua, nayafunga tena, ndiyo naenda kwenye kompyuta nabonyeza kama vile sijafungua. Nilidhani nafanya makosa, nikaona aibu kukuambia."

"Mwanangu," alisema Mama Seva, "umefanya sawa muda wote. Mwongozo ndio ulikuwa unakosea."

"Alhamdulillahi! Basi niambieni nisiwe nafunga tena, mkono unaniuma."

Mama Seva akakata simu, akakaa kwenye ngazi ya baraza. Nilimjua mama huyu kwa muda mrefu, nikajiandaa kwa ule ukimya wake. Haukuja. Alikuwa anatabasamu peke yake, akitikisa kichwa.

"Nimekihariri hicho kifungu mara ngapi," alisema. "Nimekipa koma. Nimekitoa koma. Sikuwahi kujiuliza kama ni kweli."

"Wewe hupokei mizigo, mama."

"Mimi sipokei mizigo," akakubali, kama mtu aliyepewa zawadi.

Akaja mezani. Vitufe vya programu si vyake kuvibadilisha, alinieleza, lakini mpangilio wa mwongozo wa Kiswahili ni wetu, mradi tuseme sababu. Alisema wetu. Akatangaza kwa sauti anachokwenda kufanya, akangoja, akaandika upya: fungua maboksi mbele ya aliyeyaleta, kagua, hesabu, ndipo uthibitishe. Chini akawaandikia wasimamizi, kwa Kiingereza, kwamba msomaji wa pili amekataa mpangilio wa awali kwa sababu zifuatazo, na kwamba huenda hata lugha nyingine zinahitaji kuutazama. Kisha akanyanyuka, akaniachia kiti, akaenda kusimama karibu na nguzo ya baraza, mgongo kwangu.

Nilisoma. Nilifanya. Nikasoma tena. Nikakubali, na vilivyobaki nikavipitia mpaka cha mwisho, hakuna kilichonizuia.

Ukurasa ukabadilika wenyewe. Juu pakaandikwa Kiswahili, kimekamilika, na chini yake majina mawili, la mwandishi na la msomaji wa pili. La kwangu nililifahamu, ingawa lilionekana geni kukaa mahali pa kistaarabu namna ile. La juu yake nililitazama kwa muda. Kwenye simu yangu mama huyu ameandikwa Mama Seva; mimi kwake nimeandikwa Nangurukuru; tumebishana miaka na mikaka na haikuwahi kutujia kuulizana majina. Ni jina refu, la kizamani, zuri kulitamka. Yeye ndiye wa kuamua nani alijue, kwa hiyo silitaji hapa.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza pale nguzoni. "Kama kuna kosa, sema sasa hivi kabla halijatoka."

"Hakuna kosa, mama," nikamwambia. "Nilikuwa nasoma jina lako tu. Liache hivyo hivyo."